Mraba Mweupe

Mwoka mikate alinifuata kazini badala ya nyumbani, na hilo peke yake lilitosha kunikera. Benchi la nje lilikuwa limejaa watu wanaosubiri majibu, lakini yeye akapenya mpaka mlangoni pa maabara, unga bado umo kwenye nyusi, akaniwekea mezani saa yake ya mkononi ikiwa imefunguliwa mgongo, vyuma vyote nje.

"Dada, mzee wenu amelala na saa yangu mkononi. Asubuhi yote hii! Nimemwamsha kwa adabu, akaniporomoshea matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wagonjwa."

"Nani, Baba?"

"Fundi saa, baba yenu. Kwani mna wangapi?"

Kwa kawaida mtu akinijibu hivyo huondoka na lake. Mdomo ninao, nimejaliwa. Siku hiyo ulinikauka. Baba yangu ni mtu ambaye akijikwaa kwenye kiti hukiomba kiti samahani. Amtukane mteja, yeye? Nikamwambia mwoka mikate aiache hiyo saa aende zake, nikarudi kwenye slaidi zangu nikimchukia bure, maana kosa lake lilikuwa kuniambia kitu nilichokuwa nimeanza kukiona mwenyewe na kukifumbia macho.

Kazi yangu ni kutafuta vimelea vya malale kwenye damu za watu. Mbung'o, yule inzi mnyonya damu, humuuma mgonjwa, akanyonya kimelea pamoja na damu. Kimelea kinakomaa mwilini mwa mbung'o kwa wiki kadhaa, halafu huyo mbung'o, kama hajafa, anamuuma mtu mwingine na kumwachia mzigo. Huanza kwa homa na tezi za shingoni. Kikiachwa kinapanda kichwani, na hapo mgonjwa husinzia mchana, hukesha usiku, hubadilika tabia, na mwisho hulala asiamke. Dawa ipo, na siku hizi ni nzuri. Shida ni kumpata mgonjwa mapema, na hapo ndipo anapoingia mdogo wangu.

Mdogo wangu anaitwa Desimali tangu shule ya msingi, kwa sababu mwalimu alipomuuliza wastani wa watoto katika kila dawati, alijibu "wawili nukta saba" na darasa zima likamtafuta huyo mtoto wa nukta saba. Ofisi yake inatazamana na maabara yangu. Tunafanya kazi jengo moja, tunaishi nyumba moja, kwa Baba, tangu Mama afariki. Watu huuliza kama hatuchokani. Tunachokana sana.

Desimali hajawahi kushika sindano. Anaunda modeli, yaani anaugeuza ugonjwa kuwa hesabu: mbung'o ni wangapi, wanaishi muda gani, wanauma watu au wanyama, wangapi kati yao wamebeba kimelea. Kompyuta inazichanganya hesabu hizo na kumtolea ramani ya miraba. Mraba mwekundu, hatari. Wa manjano, si haba. Mweupe, hakuna kitu. Magari yetu ya upimaji huenda kwenye wekundu kwanza.

"Mbung'o si mbu, Dada," alinieleza zamani, tukiwa mezani. "Mbu anataga mayai mia. Mbung'o jike anazaa mtoto mmoja kwa wakati, kama binadamu. Sasa ukiua wachache tu kila siku, mradi uwapite wanaozaliwa, ukoo wao unakwisha wenyewe."

"Kwa hiyo nisipozaa mimi, ukoo wetu nao unakwisha?"

"Wewe hujaolewa kwa sababu ya mdomo. Hiyo haimo kwenye modeli."

Baba alicheka mpaka akapaliwa na chai. Aliipenda sana modeli ile. Alisema inamkumbusha saa: gurudumu hili linasukuma lile, lile linasukuma mshale, na ukijua meno ya kila gurudumu huna haja ya kubahatisha. Na kweli, vijiji vya mtoni vilivyowekewa vitambaa vya buluu vyenye sumu, kwa sababu mbung'o huipenda rangi ya buluu, vilianza kuleta wagonjwa wachache mwaka hadi mwaka. Nilikuwa nikiona kwa macho yangu kwenye hadubini. Baba aliomba nakala ya ramani akaibandika dukani kwake, juu ya saa za ukutani, na kila mteja aliyeingia kubadilisha betri alipewa somo. "Hii ameichora mwanangu. Sisi tuko hapa, kwenye weupe. Lala salama."

Jumamosi ile nilimnyoa Baba uani. Huwa namnyoa mwenyewe kwa sababu kinyozi anamtoza kama mtu mwenye nywele. Alisinzia kabla sijamaliza upande mmoja, kidevu kifuani, saa nne ya asubuhi na jua linawaka. Nilipomwinamisha kichwa ili nifike kisogoni, vidole vyangu vikagusa tezi. Zilikuwa ngumu kidogo, zinateleza chini ya ngozi, zimejipanga nyuma ya shingo pale pale ninapozitafuta kwa watu wengine kila siku ya kazi.

Nilisimama na mkasi mkononi.

"Mama," akasema Baba bila kufumbua macho. Huniita Mama kwa kuwa nina jina la mama yake. "Mbona umeacha?"

"Nimechoka mkono."

"Umechoka mkono au umekosea? Usinitoe kama jogoo aliyenyonyolewa, nina wateja."

Jumatatu nilibeba kipimo cha haraka kutoka kazini, nikamchoma kidole jikoni. Hakuuliza. Zamani angeuliza maswali ishirini. Nikaweka tone la damu kwenye kile kikadi, nikasubiri, na mstari wa pili ukatokea. Haukuwa wa kufifia wala wa kukisia, ulikuwa mstari kamili. Tone jingine nilikwenda nalo kwenye hadubini, nikatafuta mpaka shingo ikaniuma, sikuona kimelea. Hilo halinipi raha, kwa maana malale yakishakaa muda mrefu, kwenye damu huwa ni adimu. Pa kutafuta ni kwenye maji ya uti wa mgongo.

Nikavuka korido, nikamwekea Desimali kile kikadi juu ya kibodi.

"Cha nani?"

"Cha Baba."

Halafu akafanya kile anachofanya kila mara akiogopa: akaanza kuhesabu.

"Dada, sikiliza. Kipimo hiki, katika kila watu mia wasio na ugonjwa, kinamsingizia mmoja au wawili. Pale mtoni wagonjwa wapo, kwa hiyo kikisema ndiyo, mara nyingi ni ndiyo. Hapa mjini mgonjwa hakuna. Kwa hiyo kila ndiyo ya mjini ni ya uongo. Kila moja. Ndiyo maana tuna utaratibu."

Utaratibu niliujua, niliutekeleza mwenyewe. Mtu wa mraba mwekundu mwenye mstari wa pili alichomwa mgongoni siku ile ile. Mtu wa mraba mweupe alirudishwa nyumbani, aje tena akijisikia vibaya zaidi. Haukuwa ukatili. Kabla ya hapo tulikuwa tukichoma migongo ya watu wazima wazima, wanaumwa kichwa wiki nzima kwa ajili ya kipimo kilichodanganya. Daktari wetu mkuu aliupitisha utaratibu huo kwa mikono miwili, na mimi nilimpongeza mdogo wangu, nikamnunulia na soda.

"Analala mchana, wewe," nikamwambia.

"Ana miaka sabini na moja. Amefiwa na mke. Usiku anakesha, mchana atafanya nini?"

"Amemtukana mwoka mikate."

"Hata mimi nimewahi kutaka kumtukana mwoka mikate."

"Ana tezi, Desimali! Nimezishika!"

"Tezi ana kila mtu mwenye jino bovu." Akakisukuma kile kikadi pembeni. "Dada, nitajie njia ambayo mtu asiyevuka mipaka ya mji anaweza kupata malale. Nitajie moja. Sifuri ukiizidisha kwa ushahidi wowote, inabaki sifuri."

Sikuwa na njia ya kumtajia. Na niseme ukweli, nilikubali kwa sababu nilitaka kukubali. Nilikuwa nimeshika migongo ya watu wengi sana sindano ikiingia, sikutaka kuushika wa Baba. Nikarudi maabara nikiwa mwepesi kidogo, na nikajichukia kwa wepesi huo.

Siku zilizofuata Baba alianza kuchelewa dukani, kisha akaacha kwenda kumwagilia. Ana kibustani cha mboga nyuma ya kiwanda cha sabuni kilichofungwa, kando ya kijito. Alikianzisha baada ya Mama kufariki. Alikuwa akienda kila asubuhi na ndoo zake mbili, anarudi na vitunguu vitatu na hadithi ndefu. Sasa ndoo zilikaa mlangoni, kavu. Nilipomkumbusha, alinitazama kama mtu anayesikia lugha ya kigeni, halafu akanijibu kwa ukali nikae na mboga zangu. Zangu!

Nikamwambia Desimali twende tukamwagilie kabla ya kazi, mzee asije akapona akakuta jangwa. Nilisema "akapona" bila kufikiri. Yeye hakulipinga neno hilo.

Sikuwa nimefika pale tangu mwaka ule wa kwanza alipokianzisha. Kiwanda kilipofanya kazi, kijito kilikuwa cheupe kwa povu na ukingo mtupu. Sasa maji yalikuwa safi, na pande zote mbili vichaka vimejifunga, majani yamekutana juu, baridi na giza chini yake. Ng'ambo kulikuwa na mabanda ya nguruwe ya mtu. Desimali alikuwa amevaa shati la ofisi, lile la buluu tunalopewa wote, akainama kuchota.

"Aah!"

Akajipiga begani. Nikafikiri ni nyuki. Akaufunua mkono polepole, na pale kwenye shati alikuwapo mdudu wa rangi ya kahawia, mkubwa kuliko inzi wa jikoni, amebondeka nusu, mabawa yamelaliana mgongoni kama makali ya mkasi uliofungwa. Sisi sote wawili tulimjua. Mimi humwona kwenye trei, mkavu. Desimali humwona kwenye milinganyo, ana herufi yake.

"Si huyu," akasema.

"Ndiye."

"Dada, haiwezekani. Hapa ni kweupe."

"Mwambie yeye, si mimi."

Wa pili akatua kwenye shati lile lile, kifuani. Mjomba wangu husema kikulacho ki nguoni mwako, na siku hiyo sikuhitaji mtu anifafanulie. Tuliacha ndoo pale pale, tukaenda ofisini karibu tunakimbia, mboga hazikupata hata tone.

Desimali hakukaa. Aliifungua kompyuta akiwa amesimama, akafungua jedwali la mitego, lile ambalo modeli hulisoma kabla ya kitu kingine chochote. Kila mstari ni mraba mmoja wa ramani: mitego mingapi imewekwa, mbung'o wangapi wamenaswa. Akateremka mpaka mraba wetu. Kwenye safu ya mitego palikuwa patupu. Kwenye safu ya mbung'o, patupu. Hapakuwa na sifuri. Hapakuwa na kitu kabisa.

"Wapi imeandikwa sifuri?" nikauliza.

"Haijaandikwa." Alikuwa anaongea na kioo, si na mimi. "Mjini hatukuweka mtego. Nani angeweka mtego mjini? Wawekaji wenyewe hulala mjini. Na programu ikikuta patupu, inasoma sifuri. Mimi ndiye niliyeiambia isome hivyo, ili isikwame."

Akateremka zaidi. Mraba wa soko, patupu. Mraba wa shule, patupu. Ule wa machinjioni, patupu. Miraba yote ile myeupe iliyobandikwa dukani kwa Baba ilikuwa ni miraba ambayo hakuna aliyewahi kwenda kutazama.

Hapo ndipo ningeweza kumsema. Nilikuwa nayo maneno, yamejipanga mdomoni. Lakini alikaa chini taratibu, akaweka viganja viwili usoni, na nikamwona ana miaka minane, amevunja glasi ya Mama. Nikamshika bega, lile lililoumwa. "Inuka," nikamwambia. "Tukamlete mzee."

Kumbe kumleta ndiyo ilikuwa kazi. Tulimpata nyumbani, yuko macho kwa bahati, amevaa viatu vya jozi mbili tofauti. Alikubali kupanda gari, alikubali kufika kitengoni kwetu, alikubali hata kukaa kitandani. Daktari mkuu, mama mmoja mpole anayezungumza na wagonjwa kama anawabembeleza watoto, alimweleza kwamba atamchoma mgongoni, achukue maji kidogo tu. Baba akainuka.

"Hapana."

"Mzee wangu, ni dakika chache."

"Nimesema hapana. Malale? Mimi ninakaa kwenye weupe. Mwanangu amechora. Mnataka kunichoma mgongo kwa kitu ambacho mwanangu ameshasema hakipo?" Akanigeukia mimi, na macho yale hayakuwa ya baba yangu. "Wewe ndiye umewaleta. Siku zote unamwonea wivu huyu kijana."

Iliniuma. Najua ulikuwa ni ugonjwa unaosema, najua kabisa, nimewaeleza wake na waume za watu mara nyingi kwamba ni ugonjwa unaosema. Iliniuma vile vile.

Daktari akanitazama. Kumlaza kwa nguvu haikuwezekana. Ile sindano inahitaji mtu atulie, ajikunje, akubali. Kila siku iliyopita kimelea kilikuwa kinakula akili ya mtu huyu, na kilichotuzuia kukifikia kilikuwa imani yake kwa mwanawe.

Desimali alikuwa amesimama mlangoni, shati bado lina doa dogo la damu. Akaja akachuchumaa mbele ya Baba, kama Baba alivyokuwa akichuchumaa kutufunga kamba za viatu.

"Baba, ile ramani nimekosea."

"Hujakosea. Nimeitazama kila siku. Imekaa sawa."

"Imekaa sawa kwa sababu nimeipanga vizuri. Pale kwenye weupe sikuwahi kuweka mtego hata mmoja. Sikwenda, Baba. Niliandika hakuna, na ukweli ni kwamba sikujua."

Baba akafumba macho. Tulidhani amesinzia. Kisha akasema, kwa sauti yake ya zamani, ile ya kumwuliza mteja saa imeanguka wapi:

"Kwa hiyo hujui kama kipo au hakipo."

"Sijui, Baba."

"Basi kwa nini yule mtu wa sokoni alinirudisha?"

Tukatazamana.

"Mtu gani wa sokoni?" nikauliza.

"Wa kwenu. Wakati wa mvua zile za mwaka jana, mliweka meza pale sokoni, mnapima watu bure. Nikatoa kidole. Mstari ukatokea, kama huo wako wa jikoni. Akaniuliza nakaa wapi, nikamwambia. Akatazama ramani yake. Akasema, 'Mzee, kwenu hakuna, kipimo kimedanganya, nenda nyumbani.' Nikamwambia najua, ramani hiyo ni ya mwanangu." Akatabasamu. "Alinipa mkono. Nilifurahi sana siku hiyo."

Daktari aligeukia trei yake akaanza kupanga vitu vilivyokwisha kupangwa. Desimali alibaki amechuchumaa, na machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kufanya lolote kuyazuia.

"Mbona hukutuambia, Baba?" nikasema.

"Niwaambie nini? Kwamba sina ugonjwa?"

Halafu, bila kuombwa tena, akajilaza ubavu, akakunja magoti mpaka tumboni, akampa daktari mgongo. "Haya. Kama hajui, tazameni. Lakini huyu kijana anishike mikono. Wewe, Mama, mikono yako ina baridi siku zote."

Basi Desimali akamshika mikono, mimi nikashika mabega. Sindano iliingia mara moja. Matone yakashuka kwenye kichupa, mang'avu kama maji ya kunywa, na mimi nikakibeba kichupa kile kwenda nacho maabara kwa mwendo ambao sikumbuki.

Nimeangalia maji ya migongo ya watu kwa muda mrefu wa maisha yangu. Siku ile nilipoweka jicho kwenye hadubini niliomba vitu viwili visivyokaa pamoja: nikione, ili nijue cha kutibu, na nisikione. Nilikiona. Kilikuwa kinajipinda kama uzi unaoburutwa majini, kinazigonga chembe nyeupe za damu kulia na kushoto, kizima, chenye afya yake. Kando yake kulikuwa na kingine.

Desimali alikuja nyuma yangu. "Kipo?"

Nikampisha. Aliinama, akahangaika na jicho gani afumbe, kisha akatulia. Miaka yote hiyo ya kukihesabu, alikuwa hajawahi kukiona kikiwa hai. Alitazama kwa muda mrefu.

"Kidogo hivi," akasema.

"Usiniloweshee hadubini," nikamwambia. "Ni ya serikali."

Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikilia zaidi, na yeye ndiye aliyenifuta kwa mkono wa lile shati.

Chembe nyeupe zilikuwa nyingi mno, ishara kwamba ugonjwa umeshazama kichwani, na vidonge peke yake visingetosha. Baba alilazwa, akawekewa dripu ya dawa mshipani, na mmoja wetu alikaa naye kila wakati. Usiku alikuwa akipambana na shuka; mchana alilala. Kisha taratibu vikageuka. Asubuhi moja nilimkuta amekaa wima anagombana na mhudumu kwamba saa ya ukutani ya wodi inachelewa. Ilikuwa inachelewa kweli. Nilitoka nje, nikakaa ngazini, nikashukuru.

Utaratibu wa miraba ulifutwa wiki ile. Desimali mwenyewe alizunguka na wawekaji wa mitego mjini, buti za mpira miguuni, akitundika vitambaa vya buluu nyuma ya kiwanda, nyuma ya machinjio, kila palipo na maji na kivuli. Watu tuliowarudisha nyumbani tukawaita tena. Wengi hawakuwa na kitu, kipimo kilikuwa kimedanganya kweli, kama alivyosema. Wachache walikuwa nacho. Mmoja aliletwa amebebwa mgongoni na mkwewe, na mmoja familia ilituambia tumechelewa, wakafunga mlango. Mimi ndiye niliyekuwa nimemwambia marehemu huyo aende nyumbani. Sikumbuki sura yake, na hilo linanitesa kuliko kama ningeikumbuka.

Baba amerudi dukani. Ana akili zake zote, anatania, analala usiku kama watu wengine, ameomba radhi kwa mwoka mikate mara tatu mpaka mwoka mikate amemwomba aache. Lakini mkono wa kulia unatetemeka. Daktari anasema huenda usirudi. Skrubu za saa ni ndogo kuliko punje ya mchanga, hazitaki mkono wa namna hiyo. Kwa hiyo siku hizi anauza mikanda na kubadilisha betri zile kubwa za saa za ukutani, na saa zinazohitaji ufundi anawaelekeza wateja kwa fundi mwingine mtaa wa pili. Anawaelekeza kwa upole, anawaandikia mpaka jina la mtaa, na mtu wa nje angedhani hajali.

Jioni moja tulikuwa tunaosha vyombo, mimi nasugua, Desimali anafuta. Baba alikuwa sebuleni, tunamsikia anajaribu kutia betri kwenye redio, betri inaanguka, anaiokota, inaanguka.

"Dada," akasema Desimali polepole. "Kwenye modeli kuna kiwango cha kimelea kupanda kutoka kwenye damu kwenda kichwani. Tunakijua vizuri, hicho hatukikisii. Nimepiga hesabu. Kama siku ile ya sokoni wangemchukua wakampima, uwezekano kwamba kilikuwa bado kwenye damu tu, kwamba angemeza vidonge na huo mkono ukabaki mzima, ni..."

"Nyamaza."

Akanyamaza. Sebuleni betri ikaanguka tena. Akaweka sahani chini, akajifuta mikono, akaenda kumtilia.

Namba hiyo anayo mpaka leo. Hajanitajia, na mimi, mwenye mdomo wote huu, sijamwuliza.